Chumvi ya Betri

"Ndani ya lupango hili, uwanja wangu huu, haitoki tone, haitoki punje! Hata panya akitaka kutoka, anapita kwangu kuomba ruhusa!"

Hayo ni maneno ya Gentil, si yangu. Aliyatamka wiki iliyopita akiwa amesimama juu ya pipa, kifua mbele kama jogoo wa paroko, na sisi tukamwacha hapohapo, kopo la maji mkononi, ncha ya fimbo ya Papa Gasana ikimgusa kidevu. Wiki nzima kijana wa watu amesimama. Tumshushe sasa, mguu usije ukafa ganzi.

Na wewe uliyeazima gazeti kwa jirani bila kusoma la wiki iliyopita, shika haraka. Gentil ana ateliye, karakana yake ndogo, pale Kashebere, anatoa metali ndani ya betri zilizokufa: za simu, za taa za jua, za tochi za wachimbaji wa mgodi wa Omate. Hachomi kitu, analowesha tu. Amemaliza sita ya sekondari, shimi, yaani kemia, imejaa kichwani, na mdomo wake ni mrefu kuliko diploma. Papa Gasana ni mfugaji wa Nyamitaba. Tangu vita ilipomwondoa kwake, anachunga kwenye vilima juu ya Kashebere. Asubuhi hii ng'ombe wake Bihogo amekufa, na wengine wanayumba kama watu waliotoka kwenye matanga ya tajiri. Gasana ana binti, Kamaliza, muuza maziwa. Gentil anamtaka. Baba hajui. Umeshika? Twende.

"Kunywa!" alinguruma Gasana. "Ni maji ya mutoni, nimeyachota mwenyewe chini ya ukuta wako. Si ulisema iko safi? Kunywa mbele ya batu!"

Soko zima lilikuwa limehamia mlangoni pa ateliye. Mama mmoja muuza majani ya sombe alianza kufanya ishara ya msalaba kwa niaba ya Gentil, ili asichelewe.

Gentil aliinua kopo. Akanywa lote. Akafuta mdomo, akacheua.

Watu walingoja aanguke. Hakuanguka. Baadhi yao walionekana wamesikitika kidogo.

"Muntu anaweza kunywa leo na kufa kesho," alisema Gasana.

"Papa, hata bila kunywa muntu anaweza kufa kesho."

Kicheko kilipasuka. Kosa! Mzee ambaye ng'ombe wake amelala kilimani miguu juu huwezi kumchekea usoni. Fimbo ilitoka kidevuni ikapiga pipa, pah! Gentil akaruka chini bila kuombwa.

"Sikiliza vizuri, mutoto wa shule," Gasana alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo, ndiyo ya kuogopwa. "Bihogo alizaliwa mikononi mwangu. Tulikimbia naye toka Nyamitaba, risasi juu ya kichwa. Vita haikumuua. Kashebere imemuua. Mbele ya jua kuingia unionyeshe kile kilimuua. Usiponionyesha, hii ateliye yako naibomoa kwa mikono yangu, na weye unalala ndani."

"Tubomoe sasa!" alipiga kelele mmoja nyuma. Watu wa nyuma ndio hodari siku zote.

Hapo Gentil naye akawaka. Mtu anaweza kumtukana yeye, sawa, amezoea. Lakini ateliye? Ile nyumba ya mabati aliyoijenga kwa jasho la miaka, akitembea njia ya Omate na mgongo umejaa betri kama nungunungu?

"Munanihukumu mimi?" alisema. "Mbele sijafika hapa, betri zenu zilikuwa zinalala wapi? Ndani ya choo! Ndani ya huu mutoni wenye munanikunywesha! Nyuma ya shule, batoto banazivunja na mawe! Kobalti inatoka kwetu, Katanga, inapanda ndege, inatembea kwenye hatutafika hata kwa ndoto, kisha inarudi hapa ndani ya simu moja mubovu, inakufa baada ya mvua mbili. Bengine banachukua metali, siye tunabakia na maiti! Na mimi mwenye ninazika maiti vizuri, njo munataka kubomoa?"

Ilikuwa hotuba nzuri, kusema kweli. Wawili watatu walikuwa wameanza kutikisa kichwa kukubali.

Ndipo Kamaliza akafika.

Alikuwa amebeba bidoni ya maziwa, ile ya manjano, na hakuwa ameibeba kama mtu anayekwenda kuuza. Alipita katikati ya watu bila kusalimu hata mmoja, akasimama mbele ya Gentil, akafungua kifuniko. Akaigeuza.

Maziwa yalimwagika juu ya viatu vya Gentil. Yote. Yakaenda chini ya pipa, yakatafuta mfereji.

Hakuna aliyecheka. Kwa wafugaji wa Masisi maziwa hayamwagwi. Hata tone likidondoka kwa bahati mbaya, mtu analifunika kwa majani kwa heshima. Gasana mwenyewe alifumba macho, kama amemwona binti yake akivua nguo sokoni.

"Nani atanunua?" Kamaliza aliuliza. "Sema, profesa. Mama Kasoki ameyakataa dukani kwake. Hoteli imeyakataa. Mbwa nilimuwekea, amenusa, amekwenda. Nani atakunywa maziwa ya ng'ombe zenye zinatetemeka?"

"Kamaliza..."

"Usiite jina langu mbele ya batu."

Jina lile Gentil alikuwa amelitamka peke yake mara nyingi sana ndani ya ateliye, betri zote zinalijua.

"Zinatetemeka namna gani?" aliuliza kwa upole. "Unielezee. Labda najua."

"Zinatoka mate. Miguu ya nyuma inapigana yenyewe kwa yenyewe. Na zinakunywa, zinakunywa, hazishibi, kama vile zina moto ndani. Lakini sikiliza." Aligeuka kuwatazama watu wote. "Maji yake haiko kosa. Nachukia kusema, lakini haiko kosa. Zile zinaumwa ni zile za malisho ya juu. Zinakunywaka kwenye chemchemi ya juu. Mutoni huu hazijawahi hata kuuona."

Ewe Gentil! Angekuwa na akili angelishika hilo neno la kiu, angelikaa nalo kidogo pembeni. Lakini yeye alisikia kitu kimoja tu: ameshinda.

"Munaona?" aliruka. "Munaona! Haiko maji yangu! Sasa niambieni, nini inafikaka kule juu? Nini inapanda kilimani kila siku na kuanguka juu ya majani? Mutazame!"

Alinyoosha kidole. Shingo zote zikageuka. Nyuma ya soko, moshi mweusi ulikuwa unapanda taratibu, umenyooka, halafu unapinda kuelekea malisho.

Moshi wa Bienvenu.

Bienvenu naye anaishi kwa betri. Lakini yeye hana asidi wala vipimo. Ana pipa, mafuta, na kiberiti. Anachoma mpaka plastiki yote inaondoka, anapekua majivu, anaokota shaba. Macho yake ni mekundu mwaka mzima. Mke wake anakohoa. Kila mtu Kashebere amewahi kumlaani angalau mara moja akianua nguo zake kwenye kamba.

Hawakumwita, walimbeba. Kufumba na kufumbua alikuwa mbele ya Gasana, shati limechanika, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya mbuzi, na vijana wawili wameshika ncha.

"Ni weye ulimuua Bihogo?"

"Bihogo njo nani?"

"Ng'ombe yangu!"

"Papa, mimi hata kuku sijaua tangu Noeli. Nachoma betri, ndiyo! Kila muntu anaona! Lakini nachoma tangu mwaka juzi, na ng'ombe zako zilikuwa zinanenepa tu!"

"Moshi unaanguka juu ya majani," alisema Gentil. "Ndani ya ule moshi kuna sumu ya kutosha kuua kilima kizima. Nilisemaka zamani, hamukunisikiliza."

Bienvenu aligeuza kichwa, akamtazama. Yale macho mekundu hayakuwa na machozi, yalikuwa na hasira tupu.

"Ulisemaka kwa nani?" alisema. "Kwangu? Weye ulipitaka mbele ya pipa langu kila asubuhi, pua umeifunga na leso kama vile napika maiti. Hata siku moja hukusema, kaka Bienvenu, ingia kwangu, nikuonyeshe namna ya kufanya bila moto. Hata siku moja! Nachoma sababu sijui kingine. Na weye mwenye unajua, ulijificha nyuma ya mabati na ile ujuzi yako kama muntu amebeba nyama. Leo ng'ombe imekufa, njo umekumbuka jina yangu?"

Hilo lilichoma. Gentil aliisukuma leso yake ndani zaidi ya mfuko.

"Na muniambie tena," Bienvenu aliendelea, anawageukia watu. "Uchafu yangu inaonekana, iko angani, haijifichi. Yake iko wapi? Betri inaingia pale kila siku. Haitoki moshi, haitoki maji. Inakwenda mbinguni? Mufungue depo yake, ile stoo!"

Watu walitazamana. Lilikuwa swali. Swali zuri kutoka kwa mtu mwenye kamba.

"Fungua," alisema Gasana.

"Kwa furaha!" Gentil alijibu, kifua mbele tena. Na kweli alikuwa na furaha. Depo ndiyo fahari yake. Hata mtoto mwenye daftari safi hafurahi hivyo mwalimu akimwambia lifungue.

Aliwaingiza watatu, Gasana, Kamaliza, na Bienvenu na kamba yake. Wengine walibanana mlangoni wakichungulia.

"Kwanza naziua," alianza, kama mwalimu. "Betri ikiwa na moto ndani, ukiifungua inakulipukia. Basi nailowesha ndani ya maji ya chumvi mpaka inakufa kabisa. Kisha nafungua na koleo. Shaba kule, aliminiamu kule. Inabakia unga mweusi. Bienvenu anauchoma. Mimi nauweka ndani ya asidi ya ndimu, ile yenye bamama banatiaka kwenye juisi, na ile dawa ya kuosha vidonda. Ndimu na dawa ya vidonda! Haiko sumu ya kutisha muntu! Kobalti inatoka polepole, maji inakuwa nyekundu kama divai ya misa. Natia soda, kobalti inaanguka chini, nakamata. Mama Kasoki anapeleka Goma na Fuso yake."

"Na maji?"

"Haitoki! Naimwaga juu ya turubai, jua inaikausha. Inabakia chumvi nyeupe. Ndani yake kuna metali ingine, litiamu, ile sijajua bado namna ya kuikamata. Basi naitunza ndani ya magunia. Siitupi mutoni, siiziki shambani. Siku nitajua, nitaitoa."

Alionyesha ukuta wa kulia. Magunia yamepangwa, yamefungwa kwa uzi mwekundu. Kushoto kulikuwa na magunia mengine, yamefungwa kwa kamba ya katani.

Kamaliza alikuwa anayatazama kwa makini.

"Yote ina picha ya ng'ombe," alisema.

Ni kweli. Kulia na kushoto, kila gunia lilikuwa na ng'ombe yuleyule aliyechorwa, amenona, anatabasamu.

"Ni magunia ya chumvi ya ng'ombe," alisema Gentil. "Ya duka la Mama Kasoki. Chumvi ile iko ya mawe, haiko safi ya kupika, lakini kwa kuua betri inatosha. Nikimaliza chumvi, gunia siitupi, naweka mule uchafu. Kushoto chumvi ya kweli. Kulia uchafu, na uzi mwekundu. Nani anaweza kukosea? Hata Bienvenu hawezi."

"Tukana tu," alisema Bienvenu. "Mukono yangu imefungwa."

"Ona, nakata moja."

Alichukua kisu, akakata uzi mwekundu wa gunia la kwanza kulia, akatia mkono ndani, akautoa.

Kwenye kiganja chake kulikuwa na vipande vya mawe, vina rangi ya kijivu na wekundu kidogo.

Gentil aliangalia mkono wake. Akauleta karibu na uso. Kisha, kwa kuwa ni mtoto wa wafugaji na mkono hujua njia yenyewe, akagusisha ulimi.

Chumvi. Chumvi ya kweli, ya mawe, ya ng'ombe. Upande wa kulia. Ndani ya uzi mwekundu.

Msomaji, umewahi kuota unaanguka, halafu unaamka bado unaanguka?

Alikumbuka yote mara moja. Mama yake alikuwa amemfundisha zamani: mwanaume mwenye adabu hamtumii baba mkwe barua, anatuma chumvi. Ng'ombe za mzee zikishalamba chumvi yako, siku utakapopanda na wazee wako hutafika kama mgeni. Basi Gentil alitayarisha gunia moja la chumvi kwa ajili ya ng'ombe za Gasana, akaliweka mlangoni mwa depo. Jumamosi hiyohiyo alikusanya uchafu mweupe juu ya turubai, akajaza gunia, akatafuta uzi mwekundu. Uzi ulikuwa umeisha. Akalifunga kwa katani, akaliweka mlangoni vilevile, akajiambia, Gentil, wewe una kichwa, utakumbuka. Jumapili kengele ya misa ilimkuta bado hajanyoa ndevu. Alinyakua gunia moja mlangoni akakimbia nalo kanisani. Jumatatu uzi ulipopatikana, alilifunga lile lililobaki na kulipanga kulia.

Lile lililobaki ndilo lilikuwa zawadi.

Zinakunywa, zinakunywa, hazishibi.

"Ni nini?" Kamaliza aliuliza. "Mbona umekuwa kama ukuta?"

Sasa hapa, wapenzi wasomaji, najua ninyi wote mngesema ukweli. Nyote ni watakatifu, nawajua. Gentil hakuwa mtakatifu. Gentil alifunga mkono, akarudisha mawe ndani ya gunia, akasema:

"Ni yenyewe. Uchafu. Yote iko hapa."

Neno lilipotoka tu, alitamani kulirudisha. Halikurudi. Nje watu walikuwa wamekwisha kulisikia, na lilikuwa linapita mdomo kwa mdomo: depo iko sawa, profesa iko safi, basi ni Bienvenu!

Kamba ilivutwa. Bienvenu alitoka mlangoni kinyumenyume, akagonga kizingiti, akaanguka. Mtu alimpiga teke. Mwingine akampiga kofi. Pipa lake la kuchomea lililetwa likibingirishwa, likapondwa kwa mawe mbele yake. Sauti moja nyuma, ile hodari ya nyuma, iliuliza kama kuna tairi karibu.

Gentil aliisikia ile sauti. Alikimbia nje.

"Hapana tairi! Hapana! Mungojee!"

"Tungoje nini? Si weye ulituonyesha moshi?"

Na bado kule juu ng'ombe walikuwa wanalamba. Sasa hivi. Gunia liko malishoni, limefunguliwa, nyeupe kama unga wa sikukuu, na kila dakika ulimi mmoja unashuka. Akisema ukweli, ateliye inabomolewa, na Kamaliza hatamtazama tena mpaka siku ya kiyama. Asiposema, ng'ombe wanakwisha, na Bienvenu...

Kichwa chake kilikimbia kama panya ndani ya pipa. Kikapata tundu.

"Musikilize!" alipayuka. "Papa Gasana, musikilize! Moshi wake unabeba majivu, majivu inaanguka juu ya chumvi ya ng'ombe, chumvi inaikamata! Ni mambo ya shimi! Mutume muntu juu sasa hivi, aondoe chumvi yote malishoni, azike mbali. Kisha ng'ombe zipewe maji safi mengi. Zitapona! Na huyu mumupeleke kwa chefu wa kijiji, musimuguse, chefu njo atamuhukumu!"

Wee! Alipumua. Ng'ombe wameokoka, Bienvenu ameokoka nusu, na yeye Gentil ameokoka mzima. Ni uongo mzuri kuliko wote aliowahi kuupika, na hata hakuwa ametia chumvi.

Kijana mmoja alikuwa amekwisha kupanda pikipiki kwenda juu. Vijana wa kamba walisita. Gasana alikuwa anakuna ndevu.

Kamaliza tu ndiye hakutikisika.

"Chumvi gani?" alisema.

"Ile ya malishoni."

"Ndiyo. Chumvi gani ya malishoni?"

"Kamaliza, kila mufugaji anaweka..."

"Siye hatukuwa na chumvi, Gentil." Sasa yeye ndiye aliyetaja jina, na lilitoka kinywani mwake kama mtu anayetema mbegu. "Tangu tutoke Nyamitaba, Papa hajaleta chumvi hata kipande. Ng'ombe zinalambaka jasho ya mikono yetu. Hapa kila muntu anajua hilo. Mama Kasoki ametucheka mbele ya wateja. Nani alikuambia kule juu kuna chumvi?"

Fimbo ya Gasana ilishuka taratibu mpaka ikagusa ardhi.

"Hilo ni neno," alisema. "Hata mimi sijui kama kuna chumvi."

Gentil alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kifupi, kama pikipiki iliyokataa kuwaka.

"Nilifikiri tu. Si kawaida, ng'ombe na chumvi..."

"Ulisema aondoe yote, azike mbali," alisema Bienvenu toka chini, damu ikimtoka puani. "Muntu anayefikiri tu hasemi azike mbali."

Kabla Gentil hajapata tundu lingine, honi ya pikipiki ililia barabarani. Watu walidhani ni yule kijana amerudi. Si yeye. Ilikuwa pikipiki ya sentre ya afya, inakwenda polepole, na watu watatu juu yake: dereva mbele, muganga nyuma, na katikati, amebanwa kama mzigo wa viazi usianguke, Tumukunde.

Tumukunde ni mchungaji wa Gasana. Amezeeka na ng'ombe za ukoo ule. Gasana anamwita ndugu. Ndiye anayelala juu, malishoni. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba kofia haikukaa kichwani, na midomo ilikuwa imekauka, imepasuka.

"Maji," alisema waliposhusha miguu yake.

Kamaliza alimkimbilia. Lile kopo alilonywea Gentil lilikuwa bado pale juu ya pipa. Alilijaza, akamshikia mdomoni. Mzee alikunywa yote. Akaomba tena. Akanywa tena. Akaomba tena.

"Tangu asubuhi iko hivi," alisema muganga. "Naye anasema hakukula kitu kingine, ni chumvi tu. Mimi sijaona chumvi inayofanya muntu hivi. Nahitaji kujua ni nini, nijue dawa."

"Chumvi?" alisema Gasana. "Ulikula chumvi wapi, ndugu yangu?"

"Niliionja," alisema Tumukunde. Maneno yalitoka yamechoka. "Kila gunia mupya nalionjaka mbele ya ng'ombe, Papa, weye unajua. Muchungaji anaonja kwanza. Na hii ilikuwa nyeupe, nzuri, nikaonja na kesho yake, na kesho yake tena. Hata ugali yangu niliitia."

Gentil alirudi hatua moja nyuma. Nyuma yake kulikuwa na mtu. Akarudi pembeni. Pembeni kulikuwa na mtu.

Tumukunde aliinua uso, akatafuta kati ya vichwa vile vyote, akamwona. Na maskini mzee, akatabasamu. Alimnyooshea mkono unaotetemeka kama jani la mgomba kwenye upepo, si kwa kumshitaki, kwa kumsalimu.

"Gentil, mwana wangu. Kumbe uko hapa. Nilikuahidi nitanyamaza mpaka siku ya mahari, na nimenyamaza, hata Papa sikumwambia. Lakini muganga anauliza, na mimi nakufa na kiu. Umuambie weye, weye umesoma. Ile gunia ulinipa Jumapili mulangoni mwa kanisa, ulitia nini ndani?"

Vijana waliokuwa wameshika kamba ya Bienvenu hawakumfungua. Waliiachia tu, ikaanguka mavumbini, maana mikono yao ilikuwa inahitajika kwingine. Gasana alikuwa anatazama midomo ya Gentil, kama watu wote wa Kashebere.

Kamaliza alikuwa bado amemshikia mzee kopo. Hakugeuza kichwa.

"Mujibu muzee," alisema. "Mimi utanijibu kisha."